Mfiwa Asiyejua Msiba Wake

Kila hoteli ina chumba cha kuwekea mizigo ya wageni. Hoteli ya Tulia, kisiwani Shumbani, ilikuwa navyo viwili. Cha kwanza kilikuwa kando ya mapokezi, na humo ungekuta masanduku, mabegi ya mgongoni na mbao za kuchezea mawimbini. Cha pili kilikuwa nyuma ya bustani ya milangilangi, kina baridi ya kufa mtu, na mizigo yake haikuwa na magurudumu wala vishikio. Humo wageni waliacha huzuni zao, wakaenda kuota jua.

Mtunzaji wa chumba hicho cha pili aliitwa Mize Hamadi, mwanamke wa kisiwani hapohapo, miaka thelathini na kitu, mcheshi, mpenda umbea kidogo kama sisi sote, ila akiingia kazini alifunga mdomo. Ilimbidi. Kanuni ya kwanza ya Chumba cha Amana ilisema anachokisikia mtunzaji hakivuki mlango. Ya pili ilikuwa ngumu zaidi kwa mtu wa Shumbani: mgeni aliyekwisha kuweka amana haambiwi pole. Kwa lolote lile. Akijikwaa utamwinua, utamfuta mchanga, utamwuliza kama ameumia, lakini pole hutamki. Wataalamu waliotengeneza mtambo ule walikuwa wamegundua kwamba neno hilo humfanya mtu aanze kutafuta kilichotolewa, na akitafuta asipate hupata kizunguzungu na homa. Mize alijifundisha kumeza neno lile kama mtu anayemeza kidonge bila maji.

Siku Kokushubira alipoletwa, Mize alijua kabla hajaambiwa kitu kwamba mzigo ulikuwa mzito. Alikuwa mhandisi wa madaraja kutoka Mwanza, mrefu, amekonda hadi gauni lilikuwa linamvaa yeye. Alikaa kwenye kiti bila kuangalia bahari iliyokuwa dirishani, bahari ambayo wageni wengine walikuwa wakiipiga picha kabla hata ya kusalimia.

"Karibu, dada Koku," Mize alisema. "Hiki tunakiita kilemba."

Alimzungushia kichwani nyuzi nyembamba za fedha, mzunguko baada ya mzunguko, huku akimweleza kwa sauti ya chini kama alivyowaeleza wote. Kilemba hakisomi mawazo ya mtu. Kinafuata maumivu tu. Mgeni hutaja kinachomuuma, mwili unashtuka, na zile nyuzi huufuata mshtuko ule ubongoni kama mkulima anavyoufuata mzizi wa muhogo kwa vidole, taratibu, usikatike, mpaka unapoishia. Kisha huung'oa na kuuhamishia kwenye chupa yenye maji maalumu yanayouweka hai kwa mwezi mmoja, siyo zaidi.

"Hakuna nakala," Mize alisema. "Kikitoka kimetoka. Na huzuni haitoki peke yake, dada. Inatoka na mwenyewe unayemhuzunikia. Sura yake, jina lake, sauti yake. Utakaa hapa wiki mbili hujui kama aliwahi kuwapo. Siku ya kuondoka tunakurudishia."

"Naelewa."

"Basi ukiwa tayari, mtaje."

"Alinda," Koku alisema. "Binti yangu. Ana miaka sita. Alikuwa na miaka sita." Alijifuta uso kwa kiganja kizima. "Homa. Jumamosi alikuwa anaruka kamba, Jumatatu hayupo. Baba yake hakuwahi kuwapo, tulikuwa wawili tu, mimi na yeye."

Mize akajisahau. "Watu walikuja kukuhani?"

"Walituma," Koku alisema. "Simu ilijaa maua. Siku hizi kwetu hakuna anayekuja. Unabonyeza, mshumaa unawaka kwenye kioo cha mwenzako, basi umemaliza. Kazini walinipa likizo ya siku tatu. Baada ya hapo nilikuwa juu ya daraja nakagua nguzo, nikaangalia chini, nikaona maji yananiita. Ndipo daktari akasema nije huku."

Mize aliweka mkono kwenye kitufe. Koku akaudaka mkono ule.

"Dada, nikishakuwa simjui, nikaja nikakataa kumchukua, usinisikilize. Nilazimishe. Niahidi."

Kanuni hazikuruhusu. Mtunzaji wa amana haahidi chochote zaidi ya kutunza. Lakini Mize naye alikuwa mama, mwanawe wa kike alikuwa darasa la kwanza, na mkono uliomshika haukuachia.

"Nakuahidi," alisema.

Chupa ilijaa taratibu kitu chenye rangi ya chai isiyo na maziwa. Mize aliifunga na kuipandisha rafuni. Alipogeuka, Koku alikuwa ameelekea dirishani, macho yamemtoka.

"Mungu wangu, hii bahari!" alisema. "Dada, jikoni kwenu kuna nini? Nina njaa isiyosemeka."

*

Tulia haikuwahi kupata mgeni kama Koku. Wengine walikuja kulala juani kama papa wa kukausha, wakageuzwa upande wakiiva. Koku alitaka kila kitu. Alijifunza kusuka ukili kwa akina mama wa sokoni, akasuka mkeka uliopinda kushoto, akaununua mwenyewe kwa kuwa hakuna mwingine angeununua. Alikwenda kutazama mchezo wa ng'ombe, na fahali alipogeukia upande wa watazamaji, mhandisi wa watu alipanda mkarafuu akiwa na viatu vya dukani mkononi, akicheka mpaka watu wakamcheka yeye badala ya kumwogopa ng'ombe. Alikula pweza, alikula mikate ya mofa, akanenepa mashavuni. Mize akipita ufukweni alimwona akielea chali majini, mikono ameitandaza, na moyo wake Mize ulifurahi na kuuma kwa pamoja.

Kulikuwa na jambo moja tu. Kila asubuhi, kwenye meza ya chai, Koku alichukua boflo lake na kulibandua ganda lote, lile gumu la juu linalonukia tanuri, akalipanga ukingoni mwa sahani. Akala ya ndani. Ganda akaliacha.

"Hupendi ganda?" Mize alimwuliza siku moja.

"Ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote," Koku alisema. Aliyatazama yale maganda. "Sijui kwa nini nayaweka. Mkono unafanya tu." Akacheka, akamwagia asali kipande kingine.

Kilemba hung'oa kinachouma. Mazoea ya mikono hayaumi, kwa hiyo hukiponyoka. Mize alilijua hilo tangu mafunzoni, lakini hakuwahi kuliona limekaa sahani moja na jamu ya embe.

Wiki ya pili ilipoanza, Koku alimfuata bustanini, chini ya milangilangi.

"Nataka kukwambia mapema ujiandae," alisema. "Ile chupa yangu sitaichukua. Mkaimwage."

"Una muda bado wa kufikiri, dada," Mize alisema.

"Nimefikiri. Nimeiona picha niliyopigwa siku ya kuingia. Yule mwanamke alikuwa anakufa, Mize. Sijui alikuwa na nini, lakini chochote kilichomo kwenye chupa ndicho kilichokuwa kinamla. Sasa nalala. Naamka nikiwa na hamu ya kuamka. Ungekuwa wewe ungekirudisha?"

Mize angeweza kujibu mambo mengi, na yote yalikuwa yamekatazwa. Alisema, "Sijui," na kwa bahati mbaya ulikuwa ukweli.

Alikwenda moja kwa moja kwa Fikirini, meneja wa Tulia. Fikirini alikuwa mtoto wa Shumbani pia, wamesoma wote dawati moja, na hakuwa mtu mbaya. Nasema hivi mapema kwa sababu mameneja wa hoteli kwenye hadithi huwa hawaaminiwi. Alimsikiliza hadi mwisho, pamoja na ile ahadi, na hakumgombeza.

"Unamkumbuka yule mzee wa Tabora?" aliuliza. "Aliyeacha amana ya mkewe. Aliikataa na yeye, tukambembeleza, akaipokea. Jioni ileile akaingia majini na nguo zake. Ni mimi niliyemtoa, Mize. Kwa mikono hii."

"Nakumbuka."

"Basi usinambie habari ya ahadi. Aliyekuomba umlazimishe hayupo. Aliyepo ni huyu anayekula pweza, na huyu anasema hataki. Akitoa kauli yake mbele yetu, tutamwaga. Simu yake tunayo tangu aingie, tutaifuta picha, kazini kwake tutawaomba wasimtajie. Ataishi."

"Na mtoto?"

"Mtoto amekufa, Mize."

"Amekufa, lakini alikuwa na mtu mmoja tu wa kumkumbuka," Mize alisema, "na huyo ndiye tunayetaka kumsahaulisha."

Fikirini alifungua jokofu dogo la ofisini, akatoa madafu mawili, wakanywa.

*

Maji yalipokupwa, Mize alishuka pwani ya upande wa kijijini kumsaidia mama mkwe wake kufunga mwani. Bi. Riziki alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya ghuba, na aliinamia kamba zake akifunga vishada vya mwani kwa kasi ambayo mkwewe hakuwahi kuikaribia. Wanawake wengine walikuwa wametapakaa majini, maji ya magoti, kanga wamejifunga viunoni.

Mize hakukusudia kusema. Alikusudia kuuliza tu, kwa mbali, kama mtu anayeuliza habari ya hali ya hewa.

"Mama, mtu akifiwa, halafu ikawa mwenyewe hajui kama kafiwa, watu wanafanyaje?"

Bi. Riziki hakuinua kichwa. "Nani kafiwa?"

"Hapana, nauliza tu."

"Mize. Nani kafiwa?"

Mwenye mama mkwe wa namna hii anajua kwamba hapo hakuna tena njia ya kurudi. "Mgeni mmoja hotelini," Mize alisema. "Kafiwa na binti yake. Lakini, Mama..."

"Yuko hapa tangu lini?"

"Wiki ya pili hii."

Kamba ikamponyoka Bi. Riziki. Akasimama wima, maji yakimchuruzika viwikoni.

"Wiki ya pili!" alisema, na ghuba nzima ikasikia. "Mfiwa yupo Shumbani wiki ya pili, hapana mguu uliokwenda kuhani? Jamani! Akirudi kwao akawasimulie kwamba sie ni watu wa namna gani?"

Wanawake wakaanza kusogea. Mize alijaribu kueleza. Alieleza kilemba, akaeleza nyuzi, akaeleza chupa na maji yake, akazidi kuchanganya.

"Hajui, Mama! Msiba wake umewekwa kwenye chupa!"

"Kwenye chupa," Bi. Riziki alirudia. Aliwageukia wenzake, nao wakatikisa vichwa kwa huruma, kana kwamba Mize ndiye aliyefiwa. "Haya, asojua ni yeye. Sie je, hatujui? Sasa hivi tushajua. Ukishajua, utakaa nyumbani?"

"Kanuni za kazi..."

"Kuhani si kazi, mwanangu. Wewe kaa kwenye kanuni zako, sie tutakwenda."

Mize alirudi hotelini akijipa moyo kwamba maji yakijaa na mambo ya nyumbani yakiwabana watasahau. Alikuwa amezaliwa kisiwani hapo, ameolewa hapo, na bado alijidanganya hivyo.

*

Walikuja asubuhi ya pili yake, wamevaa mabuibui, wamejitanda kanga juu, wanatembea mmoja nyuma ya mwenzake kando ya maji. Mbele alikuwa Bi. Riziki. Wawili walibeba birika kubwa la chai ya tangawizi, mwingine kapu la maboflo, maana nyumba ya msiba haiwashwi jiko, na mfiwa lazima ale.

Ufukwe wa Tulia ulikuwa katika raha zake. Mmoja alikuwa akikandwa mgongo. Kundi jingine lilikuwa likifundishwa kuvuta pumzi, kana kwamba walikuwa wamefika umri ule bila kuvuta. Walipoiona ile foleni ya wanawake, wageni wawili wakapiga makofi, wakidhani ngoma ya asili ya saa nne imewahi, na mmoja akaanza kupiga picha.

Koku alikuwa ametoka majini wakati huohuo, nywele zinadondosha maji, kitambaa kimefungwa kiunoni. Alitabasamu. Bi. Riziki alimwendea, akamshika mikono yote miwili.

"Pole, mwanangu," alisema. "Pole sana. Mungu akupe subira."

"Shikamoo, mama. Ahsante," Koku alisema, akiangalia huku na huku kama kuna mtu wa kumfasiria. Wa pili akamshika mkono, naye akampa pole. Na wa tatu. Kila mmoja alimwangalia machoni kwanza. Walipomaliza, Koku akauliza, kwa adabu kabisa, "Pole ya nini, mama zangu?"

Bi. Riziki alikuwa amehani misiba isiyo na hesabu. Alihani waliopoteza waume, waliopoteza nyumba, hata bibi mmoja aliyempoteza ng'ombe wake wa pekee. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwuliza pole ile ni ya nini. Alimtazama Mize, aliyekuwa amefika mbio na kusimama pembeni akihema.

"Ya mtoto, mwanangu," Bi. Riziki alisema.

"Sina mtoto," Koku alisema.

Alilisema kama mtu anavyosema hana chenji ya noti, bila neno kuwa na uzito wowote. Hilo ndilo lililowamaliza wale wanawake. Bi. Riziki aliachia mikono yake, akaketi palepale mchangani, akajifunika uso na kanga, akalia. Wenzake wakaketi mmoja mmoja kumzunguka, nao wakalia. Hawakulia kwa kelele. Walimlilia mtoto wasiyemjua, na mama yake aliyekuwa amesimama katikati yao akiwa mkavu, na hakuna kati yao aliyekuwa na haraka ya kumaliza.

Wageni waliacha kupiga picha. Fikirini alitokea, hatua ndefu, mdomo tayari umefunguka. Kisha akaona ni nini kinachoendelea. Angeweza kuwafukuza wachuuzi, angeweza kuwafukuza walevi, lakini kumfukuza mtu aliyekuja kuhani hakufundishwa kokote. Akavua kofia yake, akasimama nayo mkononi.

Koku hakuweza kuwaacha wanawake watu wazima wameketi mchangani yeye akasimama. Akaketi. Mtu akamtia chai kikombeni, mwingine akampa boflo. Alilibandua ganda, akaanza kulipanga juu ya paja lake, kipande kwa kipande, macho yakiwa kwa wale waliokuwa wakilia. Halafu mkono ukasimama.

Aliliangalia lile ganda muda mrefu.

"Nani anakula hili?" aliuliza.

Alimwuliza Mize. Mize aligeuza uso wake kuelekea bahari, kwa kuwa angeendelea kumtazama angejibu.

*

Siku ya kuondoka, Koku alikuja Chumba cha Amana kabla ya kuitwa. Fikirini alikuwapo, kama kanuni ilivyotaka, kushuhudia kauli. Chupa ilikuwa juu ya meza, na mwanga wa dirishani ulipita ndani yake ukatoa doa la rangi ya chai kwenye ukuta mweupe.

Koku hakuketi.

"Sikuja kuwashukuru," alisema. "Nilikuwa na raha, mkaniletea wale mama. Sijapata homa wala kizunguzungu, mnavyoniuliza kila saa tangu siku ile. Mnajua nilichopata? Nimeambiwa nina mtoto aliyekufa, nikaenda nikalala usingizi mzuri. Nikaamka nikiwa na njaa. Mtu gani analala hivyo?" Sauti ilimpanda. "Wanawake wasionijua walilia mpaka kanga zikalowa, mimi nikawa nawatazama kama sinema. Nilitaka kulia hata kwa heshima yao. Sina cha kulilia. Mmekificha humo."

"Dada Koku," Fikirini alisema taratibu, "una haki ya kukataa. Ukitamka tu hutaki, tutaimwaga, na hayo maswali yatapungua. Huwa yanapungua."

"Yatapungua," Koku alirudia. Akamgeukia Mize. "Na wewe unasemaje? Muda wote unaniangalia kama una neno limekukwama."

Mize alikuwa nalo. Lilikuwa limemkwama tangu siku ya kwanza, na sasa alijua kwamba akilitoa huenda kesho asiwe na kazi, na kwamba asipolitoa hataweza tena kumwangalia binti yake akila. Aliogopa vyote viwili, lakini la pili aliliogopa zaidi.

"Siku uliyokuja, ulinishika mkono," alisema. "Ukaniambia ukija kukataa nisikusikilize. Nikulazimishe. Nikaahidi."

"Mize," Fikirini alisema.

"Sitamlazimisha," Mize alimjibu bila kumtazama. "Dada, ahadi ile naivunja. Siwezi kumshika mtu kwa nguvu nikamtia uchungu kama ule. Nilikuona ulivyokuwa. Lakini siwezi vilevile kumwaga mtoto wa mtu, mama yake hajui anachomwaga. Humu yumo binti yako. Alikuwa na miaka sita. Alikuwa anaruka kamba. Jina lake sikwambii, kwa sababu ukilisikia kwangu litakuwa jina tu. Sasa unajua. Ukisema nimwage, nitamwaga, na sitakulaumu maisha yangu yote."

Koku aliishika meza. Uso wake haukuwa na huzuni, haikuwamo. Ulikuwa na woga mtupu.

"Nikimchukua nikashindwa?" aliuliza.

Fikirini angeweza kumdanganya. "Wako walioshindwa," alisema.

"Wale tuliwafungulia chupa, tukawabebea mabegi mpaka bandarini, tukawapungia mkono," Mize alisema. "Hakuna aliyekaa nao, Fikirini. Hata wewe yule mzee ulimfikia akiwa majini."

Fikirini aliinamisha kichwa, akajipangusa macho kwa kofia yake.

"Wale mama wako wapi?" Koku aliuliza.

Mize alifungua mlango wa nje. Chini ya milangilangi, mikeka ilikuwa imetandikwa tangu asubuhi, mmoja wao ule wa Koku, uliopinda kushoto. Bi. Riziki alikuwa amekaa mbele, miguu ameinyosha, kapu la maboflo kando yake. Wenzake walikuwa wamemzunguka, wanaongea kwa sauti za chini, kama watu wanavyokaa msibani wakisubiri maiti iletwe.

"Mnakaa mpaka lini?" Koku aliwauliza kutoka mlangoni.

"Kukaa tanga ni siku tatu, mwanangu," Bi. Riziki alisema. "Hata moja bado."

Koku alirudi ndani, akaketi kwenye kiti, akafumba macho.

"Lete," alisema.

Mize alimzungushia kilemba. Kurudisha huchukua muda mfupi kuliko kutoa. Kitu hujua kilikotoka. Rangi ya chai ilishuka chupani, ikashuka, maji yakabaki meupe, na doa la ukutani likafutika. Koku akapiga ukelele ambao ulifika ufukweni, ukafika kwa waliokuwa wakikandwa migongo, na jina la mtoto lilikuwa ndani yake.

Mize alimshika kabla hajaanguka. Akamkumbatia kwa nguvu zake zote, akamwambia lile neno ambalo alikuwa amelimeza kwa wiki mbili. Pole. Pole, Koku. Pole, dada yangu. Alilisema mara nyingi, na yeye mwenyewe alikuwa analia. Fikirini ndiye aliyeushika mkono wa pili, wakamtoa nje wote watatu.

Wanawake walimpokea mikekani. Hawakumwambia anyamaze wala hawakumwambia itapita. Mmoja alimfunika kanga, mwingine akampakata kichwa. Alipopiga kelele walimwacha apige, alipochoka walimwosha uso, alipoanza tena walikuwa palepale. Boti ya mchana iliondoka na mabegi ya wageni wengine. Fikirini aliitazama ikitoka ghubani, kisha akaenda kufunga geti la bustani ili watu wapite upande wa pili.

Jua lilipopungua makali, Koku aliinuka, akakaa. Macho yalikuwa yamevimba, sauti imekauka. Bi. Riziki alimtilia chai, akamwekea boflo mkononi bila kumwuliza kama anataka. Vidole vya Koku vikabandua ganda. Vikalipanga ukingoni mwa sahani, kipande kwa kipande, mpaka likaisha.

"Ganda lilikuwa lake," alisema. "Mimi nalipenda, lakini lilikuwa lake. Akiamka kabla yangu alinifuata kitandani kuniuliza kama limebaki."

"Nani huyo, mwanangu?" Bi. Riziki aliuliza, ingawa alijua.

"Alinda."

"Haya." Mama yule alikunja miguu, akasogea karibu, na wenzake wakasogea. Mize naye akavua viatu vya kazi, akapata nafasi ukingoni mwa mkeka. "Basi tuambie Alinda alikuwaje."

Koku alivuta pumzi. Akaanzia siku aliyozaliwa.